Nyayo Mlangoni

Mama alikuwa amechuchumaa kizingitini, akichora kwa unga mweupe nyayo ndogo za Lakshmi, vidole vikielekea ndani. Kila jua likizama alifagia, akawasha taa, akaacha mlango wazi. Lakshmi, mungu wa kike wa neema, habishi hodi penye giza.

Ngazi zikalia. Alikuwa binti yake, aliyefukuzwa nyumbani kwa kuolewa bila ridhaa ya mama, kalowa mvua chapachapa, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimeona mlango wazi."

Ulimi hauna mfupa, ukauwahi moyo. "Sikukufungulia wewe."

Binti akainama, akamgusa miguu kwa heshima, akashuka zake.

Mama akachota unga amalizie kidole cha mwisho. Mkono ukagoma. Siku binti huyu alipozaliwa, marehemu mumewe alivuka naye kizingiti hiki hiki, kichanga kifuani, akipiga kelele jirani wote wasikie: "Njooni muone! Lakshmi kaingia mwenyewe!"

"Mwanangu!"

Ngazi kimya.

Mbele ya mlango, zikipishana na nyayo za unga, zilibaki nyayo za maji. Zilikuwa zimeanza kukauka, vidole vikielekea nje.