Takataka za Mama Kanga

Shamba la michungwa la Ngiri lilipakana na la Mama Kanga. Ngiri alitifua chini ya miti yake kila asubuhi, udongo ukawa laini kama unga, bila jani hata moja. Kwa Kanga majani na nyasi kavu vilirundikana tu.

"Jirani, utafuga nyoka humo," Ngiri alimcheka. "Fagia! Uchafu huu utaua miti yako."

"Nina vifaranga kumi na wanne, bwana. Nifagie saa ngapi?"

Mvua ikagoma miezi mitatu. Machungwa ya Ngiri yakadondoka mabichi, madogo kama gololi. Ya Kanga bado yalining'inia, lakini akaogopa. Yakidondoka nayo, wanawe watakula nini? Labda kweli uchafu unaua miti. Akaanza kuparura majani ayaondoe.

Mguu wake ukakanyaga ubaridi. Chini ya majani udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na nyungunyungu wanapita humo kama vile jana ilinyesha. Kanga akabaki na mguu mmoja juu.

Ngiri, aliyekuwa akichungulia mpakani, akasogea. "Nani amekumwagilia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna. Mimi nilishindwa kufagia tu."

Ngiri akapiga magoti, kama afanyavyo akitaka kuchimba. Hakuchimba. Alilaza shavu juu ya majani, akasikia ubaridi wa udongo chini yake.