Karani Aliyemwangusha Hermenegildi

Karani Seifu hakuwa na kimo, hakuwa na kifua, hakuwa na ndevu, hakuwa na mtu hata mmoja aliyemwogopa, wala hakuwa na viatu vyake mwenyewe. Alivyovaa vilikuwa vya Bwana Mkubwa wa boma la Wajerumani, akavijaza sufi visimtoke miguuni.

Ilikuwa Agosti 1914, mpunga umekwisha vunwa. Boma lilituma neno Ifakara: karani anakuja kutazama mieleka, wachezaji wote wawepo.

Jumbe Dionisi alishika kichwa. Tangu vita vya Maji Maji, Wajerumani hawakupenda kuona watu wengi pamoja, na mwaka uliopita kijana wa Kiberege alivunjika mkono uwanjani.

"Wanakuja kutupigia marufuku mieleka," akawaambia wachezaji.

"Na bwawa je?" aliuliza Verediana, mkaushaji wa samaki. "Mieleka ndiyo huamua nani avue, sisi au watu wa Lupiro. Mkiacha kukabana mchangani, mtakatana mapanga majini."

"Hatuachi, dada," alijibu jumbe. "Siku hiyo tutacheza kwa upole, karani asione cha kukataza."

Siku ikafika. Bingwa Hermenegildi, aliyezoea kubeba mtumbwi peke yake begani, alikutana na Leodegar wa Lupiro.

"Shikamoo, kaka," alisema Leodegar.

"Marahaba. Mgongo haujambo?"

"Unauma kidogo."

"Pole. Basi nitakulaza upande wenye majani."

"Mama yako akikuona leo atakunyima ugali," alinong'ona Leodegar, huku akilazwa kama mtoto mchanga. Wanawake walijifunika kaniki usoni, mabega yakiwatikisika.

Karani hakucheka. Alizunguka uwanja akiandika.

"Huyu Hermenegildi, meno yake mazima?"

"Mazima yote, bwana karani," alijibu jumbe, "lakini hang'ati mtu."

"Kwa siku anatembea mwendo gani?"

"Mdogo sana. Hana haraka na mtu."

"Na akichokozwa?"

"Hulala."

Karani alichomeka kalamu sikioni, akavua viatu, akaingia uwanjani. Alimkumbatia Hermenegildi kiunoni, mikono isikutane upande wa pili, akasukuma mpaka mishipa ikamsimama shingoni.

Hermenegildi alimtazama jumbe. Jumbe akakonyeza.

Basi bingwa akaanza kuanguka. Lilitangulia goti moja, likafuata la pili, akapumzika kidogo kwenye kiwiko, halafu akatua chali huku ameuma kidole asicheke. Verediana ilibidi akimbilie nyuma ya ghala.

Karani alisimama juu yake akihema, akitazama huku na huku kuona kama kila mtu ameona.

"Umejionea mwenyewe, bwana karani," alisema jumbe. "Tafadhali uandike hivyo hivyo."

"Nitaandika nilichokiona, sipunguzi neno."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaandika:

"Bwana Mkubwa, vita vya Ulaya vimefika kwetu, nawe uliniagiza nikuchagulie hapa wanaume mia wenye nguvu, waende kubeba mizigo ya jeshi. Ifakara na Lupiro hakuna hata mmoja wa kufaa. Bingwa wao nimemwangusha mimi."

Akaikunja barua, akaitia lakiri, akampa tarishi aipeleke bomani siku ile ile.