Kirusi cha Banda la Sekela

Hapa kijijini hakuna anayejua kufuga nguruwe kunishinda mimi. Juzi wangu watatu wamekufa kwa homa, amebaki jike mmoja mwenye mimba, kwa hiyo, sifa hiyo ipunguzeni kidogo.

Siku hizi nguruwe akifa, bwana mifugo huchukua tone la damu, na kimashine chake husoma vinasaba vya kirusi na kutaja banda kilikotoka. Ukiwa umesema kweli, wazima wako wanaachwa. Ukidanganya, wanachomwa na hufugi tena maisha.

Bwana mifugo wetu, Lugano, alimuuliza mume wangu, “Mzee Asukile, umewalisha mabaki ya nyama kutoka nje?”

“Hata mfupa. Ni nguruwe pori hao wametuletea.”

“Baba Tumpe, fikiri vizuri,” nikamwambia. “Jike ana mimba.”

“Nifikiri nini? Jumapili nzima nilikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa.”

Ni kweli, na alirudi ananuka kitimoto. Nikajua wazee wamekula.

Kimashine kikalia. Lugano akasoma, “Kirusi kimetoka banda la Sekela, mjane wa ng'ambo ya mto.” Akamtazama mume wangu kwa huruma. “Mzee, pengine umesahau tu. Nakuuliza mara ya mwisho. Unamfahamu huyo mama?”

“Yule mwenye bati jekundu na kochi jipya? Simfahamu kabisa.”

Lugano alifungua mlango wa banda, na nguruwe wetu akaja kumnusa mkono.