Muswada wa Mama Kanga

Katika bonde moja, sheria ilimwadhibu muuaji aliyetoka nje ya bonde tu. Kwa hiyo Kicheche alipomlia jirani yake Kanga vifaranga wawili, hakuguswa. Kanga akapeleka muswada bungeni: mwenyeji anayeua wenyeji wenzake naye akamatwe. Ukasomwa mara ya kwanza, ukaenda kwenye kamati ya Nguchiro.

"Mama, hili neno 'anayeua' ni kali mno," Nguchiro alisema. "Tuandike 'anayewatia wenzake hofu'. Hapo utapita."

"Na wanangu walioliwa?"

"Kwani hawakuogopa?"

Kanga aliwafikiria vifaranga waliobaki, akakubali. Muswada ukapita kwa shangwe, Mfalme Tembo akautia muhuri wa unyayo.

Alfajiri moja Kicheche alirudi. Kanga akapiga ukelele wa hatari, kama mama yake na bibi yake walivyopiga, bonde zima likaamka likitetemeka. Askari Nyani wakaja mbio.

"Nani kawatia wakazi hofu?"

"Huyu hapa," Kicheche alisema. "Hata mimi moyo unanienda mbio."

Wakamfunga Kanga mabawa.

"Na wanangu?" aliuliza.

"Usijali, dada," Kicheche alimjibu. "Mimi nitabaki nao."