Kimo cha Baba

"Visigino chini, Fenna. Usichuchumie," nilimwambia, nikashusha kibao cha kupimia hadi utosini pake.

Kwa kimo alichonitajia baba yake, binti huyu alipaswa kuwa mrefu zaidi. Nilirudi kwenye kompyuta, nikatafuta msimbo wa ugonjwa wa homoni za ukuaji wa kuingiza kwenye faili lake.

"Nikiuandika huu," nilimweleza baba, "wataanza kumpima damu. Huenda baadaye akachomwa sindano kila jioni, miaka na miaka."

Fenna alificha mikono chini ya mapaja.

"Ngoja kwanza, daktari." Baba aliinama, akafungua kamba za viatu. Kutoka ndani ya kila kiatu alichomoa kabari nene ya raba. "Kimo nilichokutajia ni pamoja na hizi. Mji huu wa Leeuwarden umejaa watu warefu, wote wananitazama utosi. Nilichoka."

Kidole changu kiliachia kitufe.

"Basi huenda haumwi chochote," nilisema. "Amekurithi wewe tu. Hebu simama pale tukupime."

Alisimama ukutani akiwa na soksi tu. Fenna alipanda kigodani, akashika kibao mwenyewe, kisha akatazama miguu ya baba yake.

"Visigino chini, Baba," alimnong'oneza. "Chini kabisa."