Dirisha la Jikoni

Mdoe alikuwa akitoboa ukuta wa udongo wa jiko kwa sururu. Miaka yote mkewe alipoomba dirisha, alimjibu kwamba moshi ukitoka, mahindi ya mbegu yanayoning'inia juu ya mafiga yataliwa na wadudu. Kikohozi cha mkewe walikizoea kama kuwika kwa jogoo. Asubuhi hiyo daktari alisema kifua cha mkewe, kilichoharibiwa na moshi, kimeuchosha moyo, na moyo huo hautarudi ulivyokuwa.

Udongo ukaporomoka, mwanga ukaingia. Mkewe, aliyeketi uani akitweta, miguu imemvimba, akamtazama kupitia tundu.

"Baba Nyange, na mbegu je?"

Mdoe akainua macho. Juu ya mafiga yaliyopoa, mahindi yalining'inia meusi kwa masizi, mazima, hata punje moja haijatobolewa.