Sare Niliyopimwa

Sokoni Muyinga walisema nina kansa isiyo na dawa tena, na uvumi huo ulikataa kunitoka kichwani. Binti yangu Bénédicte, aliyenipeleka hospitali kule Gitega mwezi wa tatu na kuongea na daktari kwa Kifaransa, akacheka: "Mama, watu wa soko wanakuua bure. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo tu."

Jana nikamkuta kwa fundi cherehani. Wanangu wote walikuwa pale, wanapimwa kitenge kimoja cha zambarau.

"Ni ya arusi?" nikauliza.

Fundi hakujua mgonjwa ni mimi. "Hapana mama, ni sare ya matanga. Na we iko ndugu yao? Njoo nikupime."

Akanizungushia futi kiunoni, akaikaza, akaikaza tena, maana nimeisha kwa kukonda. Bénédicte akatazama chini.

"We mtoto, mi ndiye nakufa, na mi ndiye wa mwisho kujua?"

"Tulitaka usiogope, Mama."

"Mi naogopa tangu mwezi wa tatu. Peke yangu."

Ninyi wenye mgonjwa nyumbani:

Msiongee na daktari Kifaransa mbele yake kama hakijui.

Msimcheke akiuliza.

Msimdanganye kwamba ni vidonda vya tumbo.

Msishone sare wakati bado anatembea.